Barua kwa binti yangu: muvu ambazo Morphy hakucheza

Marahaba mwanangu, hujambo huko? Meseji yako nimeisoma, nimefurahi sana kusikia ile mechi ya sataranji (chess) ya Paul Morphy ya Paris umeishika yote kichwani mpaka chekimeti, pale mfalme anapokosa pa kukimbilia. Sasa mama, kuikariri ni mwanzo tu. Mi nataka uifungue, kila ukifika kwenye muvu, yaani hatua ya kusogeza kete, simama ujiulize hapa angecheza nini kingine na ingekuwaje, maana utamu wa hizi mechi za zamani uko kwenye muvu ambazo hazikuchezwa.

Mwaka 1858 Morphy, kijana wa New Orleans, Marekani, wa miaka 21 tu, amekaa ndani ya nyumba ya opera anacheza na kete nyeupe dhidi ya watu wawili wanaoshauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard, anawamaliza kwa muvu 17. Watu wakisimulia wanawacheka hao wawili kama vile hawajui kitu, na mi hilo silipendi kabisa, ukimdharau aliyeshindwa hutaona alikuwa na njia gani ya kutokea. Chukua muvu ya nne, wanamla farasi kwa askofu wao, wengi wanaona ni upuuzi, lakini jaribu wewe kumla yule askari wa e5 kwanza (e5 ni jina la nyumba kwenye ubao: herufi ni safu, namba ni mstari): malkia wanabadilishana d8, farasi wa mweupe anaruka anakula e5, umeshapoteza askari bure. Kwa hiyo hapo walilazimika. Kosa lilikuwa muvu ya tatu, walipompeleka askofu g4 badala ya kula d4 au kutoa farasi f6.

Af njoo muvu ya nane, hapa kaa sana. Malkia wa Morphy yuko b3, anamtazama askari wa b7, amle au asimle? Akila, malkia mweusi anatoka e7 anapiga cheki (anamtishia mfalme) b4, malkia wote wawili wanaondoka ubaoni na mweupe anabaki na askari mmoja zaidi. Morphy hakutaka, katoa farasi c3, kete zote ziingie kazini wakati mfalme mweusi bado amekwama katikati, maana malkia wake mwenyewe pale e7 kamzibia njia askofu wa f8. Ni muvu nzuri mno. Ila wewe ukiwa kwenye mashindano na saa inakimbia, kula tu huyo askari mwanangu, kushinda kwa askari mmoja ni kushinda na sitakulaumu hata kidogo.

Muvu ya tisa mweusi kasukuma askari b5, Morphy kamla kwa farasi, na hapa ndo pananiuma kila nikipaona kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Farasi ametoka c3, kwa hiyo cheki ya malkia b4 ipo! Wangeipiga, malkia wanabadilishana, mweupe bado yuko mbele, lakini malkia wote wameondoka ubaoni na mechi isingeisha upesi vile. Wao wakamla farasi, askofu akala b5 kwa cheki, na ukishapigwa cheki huna tena muda wa kupiga ya kwako.

Halafu muvu ya 12, Morphy kapeleka mfalme c1 na ngome d1 kwa pamoja, ile muvu moja ya kumficha mfalme inayoitwa castling. Kwa nini asingesogeza ngome tu d1? Kwa sababu ile ngome ya h1 ingebaki imefungiwa nyuma ya mfalme, lakini alivyofanya, ngome ya kwanza ikila d7 ikaliwa, ya pili inatua d1 papo hapo, shambulizi halikatiki. Sasa jiulize kwa upande wa mweusi, si naye amfiche mfalme upande uleule, c8? Sheria inaruhusu. Weka ubao uone: askofu a6 cheki, b8 mfalme haendi kwa sababu malkia anaishika njia yote ya b, anabaki na c7 tu, malkia b7 chekimeti. Yaani hiyo chekimeti haikutokea, haimo popote kwenye muvu ulizokariri, lakini ndo inakueleza kwa nini Duke na mwenzake walicheza ngome d8 badala yake.

Ule mwisho wa kumtoa malkia b8 sitausema sana, unaujua, ngome na askofu wanamaliza kazi wawili tu.

Jumapili ukipata simu nataka majibu ya hili, na injini, ile programu ya kompyuta ya sataranji, usiiwashe kabla hujaandika ya kwako kwenye daftari. Rudisha ubao pale askofu wa Morphy alipofika g5, badala ya kusukuma b5 mpeleke malkia mweusi c7. Askofu wa f8 kapata njia, malkia analinda b7 na f7 kwa mpigo, panaonekana pazuri. Lakini askofu wa c4 akila f7 kwa cheki, huyo malkia akimla, nani analinda b7, na ngome ya a8 itakuwaje? Kama kumla hakufai, mfalme aende wapi? Andika njia zote mbili, mi nimeshaandika zangu tutalinganisha.

Mama yako anakusalimia sana.

Baba