Deni la nauli katika bustani zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wenye kampuni za bustani hapa Arusha tunalijua, lakini hatulitaji mbele ya wateja wetu: baadhi ya wanaong'oa ukoka, yale majani ya kupandwa bustanini, wanatumikishwa kwa kufungwa na madeni. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikitengeneza na kutunza bustani za hoteli, shule na nyumba za watu, kuanzia Sakina na Njiro hadi Usa River, na katika muda huo karibu wote sikuwahi kumwuliza anayeniuzia ukoka kwamba majani yale yanang'olewa na nani. Nilimwuliza bei na siku ya kuyaleta, basi.

Mwaka jana mzigo ulichelewa, nikaenda mwenyewe shambani kwake. Nilikuta vijana watano kutoka Singida, wanalala kwenye banda la mabati walilochangia na mifuko ya mbolea. Dalali alikuwa amewaahidi mshahara wa mwezi, chakula na mahali pa kulala. Walipofika waliambiwa kwamba nauli ya basi aliyowalipia ni deni, godoro ni deni, unga na maharage ni deni, na mpini wa jembe ukivunjika nao unaingia kwenye daftari. Walikuwa wamemaliza miezi minne bila kushika mshahara, na deni lilikuwa kubwa kuliko siku waliyoshuka stendi. Vitambulisho vyao vya taifa vya NIDA alikuwa navyo mnyapara, eti visipotee. Hapakuwa na ukuta wala mlinzi. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini haondoki, alinijibu, "Mzee, nitaendaje na deni la mtu, na kitambulisho anacho yeye?"

Tukisikia neno utumwa, wengi wetu tunawaza minyororo ya Bagamoyo na soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873, na waliosoma historia vizuri watakumbuka kwamba katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Wa leo hauhitaji mnyororo. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Mkataba wake Na. 29 wa mwaka 1930 unaieleza kazi ya kulazimishwa kuwa ni ile anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu bila ya yeye kujitolea kwa hiari, limeorodhesha dalili kumi na moja za kuitambua, na katika banda lile nilihesabu tano bila kutafuta: udanganyifu, kushikiliwa kwa vitambulisho, kuzuiliwa mshahara, kufungwa na deni, na kutengwa mbali na watu. Shirika hilo lilikadiria kuwa watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa duniani mwaka 2021. Nilikuwa nimeisikia takwimu hiyo redioni, nikadhani inahusu nchi za wengine.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa katika hili. Katiba, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaifanya kuwa kosa. Na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa hata yule anayewakusanya watu vijijini na kuwasafirisha ili wakatumikishwe. Hata lile daftari la madeni lina mipaka yake: mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi fidia ya kitu kilichoharibika bila kumwandikia kiasi na sababu, kumpa nafasi ya kujieleza na kupata ridhaa yake kwa maandishi, na makato ya namna hiyo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Tatizo liko kwetu sisi tunaonunua. Bustani moja ya hoteli inapita katika mikono mingi: ukoka kwa mmoja, miche kwa mwingine, samadi, moramu, kokoto na mawe ya kupambia kwa wengine, na kupanda kwenyewe mara nyingi tunampa mkandarasi mdogo anayekuja na vibarua wake. Kila tunapobana bei, anayebanwa mwisho ni yule asiye na risiti. Wenzangu husema, "Wale si wafanyakazi wangu, ni wa mkandarasi." Wakumbuke kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi inaweza kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa wako ikiwa amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu, hata kama mkataba wenu umempa jina lingine.

Si kila ninachokiona ni utumwa, na ni vema tusichanganye mambo. Mama anayejaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kwa malipo ya kila kiriba, huku mwanawe akimsaidia baada ya masomo, anafanya kazi ngumu yenye malipo kidogo, lakini jioni anaondoka na hela yake. Mtoto aliyetolewa shule akakabidhiwa kwa mwenye kitalu ni habari nyingine kabisa.

Tangu siku ile, kabla ya kununua nafika kitaluni bila taarifa na kuuliza maswali matatu, nikizungumza na wafanyakazi wenyewe bila mnyapara kusimama karibu: nani alikulipia nauli ya kuja hapa, kitambulisho chako kiko wapi leo, na mara ya mwisho kushika mshahara ni lini. Mkandarasi ninamlipa kwa orodha ya majina, na kila kibarua anapokea kwa simu yake mwenyewe badala ya simu ya kiongozi wa kundi. Ukoka wangu umepanda bei, na hoteli moja imenihama kwa sababu hiyo.

Ninaandika sasa kwa sababu uwanja wa mpira unajengwa jijini kwa ajili ya AFCON, hoteli zinapaka rangi, na kila mtu anataka majani ya kijani kwa haraka. Haraka hiyo ndiyo soko la dalali. Naziomba hoteli na taasisi zinazotangaza zabuni za bustani zidai orodha ya wafanyakazi na uthibitisho wa malipo kutoka kwa mkandarasi na kwa wanaomuuzia, na naiomba Idara ya Kazi iwatume maofisa wake kwenye vitalu na mashamba ya ukoka, kwani mikataba ya mle haipo ofisini.

Wale vijana watano, watatu walirudi kwao baada ya ofisa wa kazi kuingilia kati. Wawili wako kwangu. Mmoja hadi leo hajarudishiwa kitambulisho chake, na tunafuatilia kingine.

Mwenye kampuni ya bustani,
Njiro, Arusha
(Jina limehifadhiwa)