Barua kwa mwanangu: hesabu ya daladala na saikolojia yako

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa shangazi yako, na ile picha ya matokeo mama yako ameshaionyesha kanisa zima. Huku wote wazima, ila Coaster iko gereji tangu Jumanne. Klachi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatusikilizani. Uliposema umeamua kusoma saikolojia ya biashara, hiyo elimu ya namna watu wanavyofikiri na kuamua kazini na sokoni, nikakuuliza kama unataka ukafanye kazi Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukanyamaza, halafu ukasema chaji inaisha. Najua chaji ilikuwa tele. Lile neno nalirudisha, na mama yako ni shahidi. Wagonjwa wale ni watoto wa watu, na wewe ulikuwa umeniambia jambo la maana.

Kilichonigeuza ni yale makaratasi ya fani hiyo uliyoyaacha juu ya friji. Umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu nikayasoma, na nisikufiche, nilikuwa natafuta kosa. Nikakutana na mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Hugo Münsterberg, aliyekwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1892. Enzi zake tramu za umeme kule Marekani zilikuwa zinagonga watu, wenye kampuni wanalipa fidia hadi wanachoka. Badala ya kuwahubiria madereva, yeye akatengeneza kisanduku chenye kidirisha. Ukizungusha mkono wake, chini ya kioo inapita kadi iliyochorwa reli katikati na tarakimu pembeni. 1 ni mtu wa miguu, 2 ni farasi, 3 ni motokaa. Zilizoandikwa kwa wino mweusi zinakwenda sambamba na reli, achana nazo. Nyekundu ndizo zinazokuja kukatisha. Dereva anatakiwa ataje, kadi ikiwa inakwenda, ni wapi nyekundu itaingia relini. Wapo waliotaja haraka wakakosea, wapo waliokwenda polepole mno. Hayo aliyaandika kwenye kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1913.

Nilicheka peke yangu gizani. Mtu wa 1913 ana kisanduku cha kuchagulia dereva, mimi wa leo nachagua kwa kuangalia uso.

Unamkumbuka yule kijana wa Coaster ya kwanza? Alikuja shati limepigwa pasi, akaniamkia kwa kuinama, akasema yeye pombe haonji. Nikampa ufunguo kabla chai yake haijapoa. Miezi minne baadaye injini ikafa. Rejeta iliisha maji, taa ya dashibodi ikawaka, yeye anaendelea kutafuta abiria. Wiki ileile aliyokuja, nilikuwa nimemkataa mwingine kwa kuwa hakuwa mwongeaji, kila ukimuuliza anatazama viatu. Jirani yetu akamchukua. Amemwendeshea gari miaka 9 na halina hata mkwaruzo wa maana. Jirani kila akiniona ananishukuru, nami namwitikia tu.

Kumbe jambo hilo watu wamelipima kwa miongo mingi. Maongezi ya kujuana, yale ya "hebu nieleze habari zako", yanatabiri kazi ya mtu vibaya kuliko usaili ambao kila mmoja anaulizwa maswali yaleyale, na jibu linapewa alama palepale, swali kwa swali, kabla wasaili hawajaanza kunong'onezana. Nimekaa nalo siku mbili hilo. Mimi nilijiona hodari wa kusoma watu, na hodari wa kusoma watu kanigharimu injini.

Lakini palipo na utamu zaidi ni kwenye hesabu. Unajua utaratibu wetu: asubuhi namkabidhi dereva gari, jioni aniletee 120,000, kinachobaki baada ya mafuta ni chake na konda. Asipofikisha, lawama. Akikimbiza gari, kukatisha ruti, kuwaacha wanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo, nikawa nasema hana tabia nzuri. Nimebadilisha madereva sita kwa kutafuta tabia nzuri. Sasa nasoma kwenye makaratasi yako kwamba hili ndilo swali lenyewe la fani: huyu anafanya hivi kwa jinsi alivyo, au kwa jinsi kazi ilivyopangwa? Madereva sita tofauti, mwendo uleule. Hata asiyekwenda shule angeona. Mimi sikuona, kwa sababu aliyepanga hesabu ni mimi.

Mwaka jana nilijaribu kumlipa dereva mshahara na kumwongezea kidogo kila wiki gari likirudi zima. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Mwendo ulitulia kweli, hata fundi alishangaa breki zinadumu. Ila mapato yalishuka, maana konda aligundua kwamba mimi sijui abiria wangapi wamepanda. Nimerudisha hesabu, ndogo kuliko ya zamani, na bado sijui kama nimepatia. Ukishasoma utaniambia.

Halafu kuna jambo la Kenya ambalo ningelipenda lifike kwetu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu, zile daladala za Kenya, zikimwambia abiria apaze sauti dereva akiendesha hovyo. Basi. Hakuna askari wala kamera, karatasi tu zilizobandikwa mbele ya macho ya abiria. Magari yaliyopata stika na yasiyopata yalichaguliwa kwa bahati nasibu, ili isije ikawa wameokota madereva wapole tu. Na dereva aliyekutwa stika zake hazijabanduliwa aliingia kwenye droo ya kila wiki. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Walipolirudia kwa maelfu ya magari upungufu ulikuwa mdogo kuliko huo, robo hadi theluthi, nami naona hata hiyo ni maisha ya watu. Kampeni wakaiita Zusha! Huku kwetu mtu akisikia zusha anafikiria uzushi, kwa hiyo ikija Dar itafutiwe jina jingine.

Fikiria abiria wetu. Gari zima linaogopa, kila mmoja ameshika kiti cha mbele, na hakuna anayesema neno kwa sababu kila mmoja anaona wenzake wamenyamaza. Stika inampa mmoja ruhusa ya kuanza. Mimi miaka yote nilidhani abiria wangu wanapenda mwendo.

Sasa kazi, maana mama yako anauliza hilo kila siku. Wengi wanaosoma hiki kitu huishia ofisi za rasilimali watu: kuajiri, kupanga mafunzo, kusuluhisha, kujua kwa nini watu wanaacha kazi. Wengine huingia upande wa wateja, benki na kampuni za simu, kuuliza kwa nini mtu anafungua akaunti halafu haigusi. Nairobi kuna kituo kinaitwa Busara ambacho kazi yake ni majaribio ya namna hii hasa, namna watu wanavyoamua mambo ya fedha, afya na kilimo. Na kule magharibi mwa Kenya ndiko wachumi walikojaribu kumuuzia mkulima vocha ya mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mfukoni, badala ya kumngoja msimu wa kupanda akiwa hana kitu. Wakulima waliotumia mbolea waliongezeka. Mbolea ileile, bei ileile, kilichobadilika ni siku ya kumfuata, na kumfikishia bure. Babu yako angekuwa hai ningemsomea.

Ila kuwa mwangalifu na jina. Kwa vyuo vya hapa nyumbani, mlango wa kawaida ni shahada ya saikolojia kwanza, kisha unaelekea upande wa kazi na biashara kwenye shahada ya pili. Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mwanasaikolojia wa biashara, lakini ile cheo ya mwanasaikolojia wa kazi imelindwa na sheria, lazima uwe umesajiliwa. Afrika Kusini nako mwanasaikolojia wa viwanda ni mpaka asome shahada ya pili, afanye kazi chini ya usimamizi miezi 12, na afaulu mtihani wa bodi. Kabla hujalipia kozi yoyote ya nje, uliza swali moja: nikimaliza, nani atanisajili? Wakianza kukujibu kwa picha za bustani ya chuo, funga simu.

Na hesabu sasa, ile nyingine. Kidato cha nne ulipata D, ukaikimbia ukaenda HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza, ukadhani mmeachana. Makaratasi yako yamejaa takwimu mwanangu. Huwezi kuzikwepa, na nadhani usizikwepe. Humo ndani kuna kisa cha kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, kuanzia 1924: eti waliongeza mwanga wafanyakazi wakazalisha zaidi, wakapunguza mwanga wakazalisha zaidi vilevile, kwa sababu tu walijua wanatazamwa. Kisa kitamu, kimefundishwa miaka na miaka. Halafu wachumi wawili wakazifukua zile takwimu za mwanga, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba hazionyeshi hivyo kama inavyosimuliwa. Asiyejua takwimu angeendelea kusimulia. Mimi mwenyewe nilishamsimulia fundi, imebidi nirudi kumwambia.

Hofu yangu ni nyingine kabisa. Konda wetu, huyu wa sasa, anabeti. Simu yake inamwita saa tano asubuhi, saa ambayo gari halina abiria na yeye hana la kufanya. Inamwambia jana umekosa kwa timu moja tu. Timu moja tu! Aliyeiandika hiyo sentensi, na akaipangia saa, amesoma haya unayotaka kusoma, au amekaa na aliyesoma. Mshahara wake nadhani ni mkubwa kuliko wote niliokutajia. Siku wakikuita, nipigie kwanza. Sisemi nitakukataza, nipigie tu.

Fomu ya mkopo wa Bodi ijaze mapema, usingoje siku za mwisho mtandao uanze kusuasua. Cheti cha kuzaliwa kiko kwenye sanduku la mama, nimeshakitoa. Ada itakayopungua nitaiangalia klachi ikishalipwa.

Jumamosi kuna vijana wanne wanakuja kuomba gari, huyu deiwaka wa sasa, dereva wa kushikilia tu, anaondoka kwenda Mwanza. Nimeandika maswali matano kwenye daftari la gereji, na kila mmoja ataendesha kutoka Tandika hadi Kariakoo saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa imekolea. Panda basi Ijumaa uje. Wewe utauliza na kutoa alama, mimi nitakaa kiti cha nyuma nimenyamaza. Mama yako anasema hilo la kunyamaza sitaliweza, na ameshaweka dau la kuku.

Baba yako