Barua ya wazi kwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani: Msamaha haumtoshi Luteni Flipper

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu Luteni Usu Henry Ossian Flipper, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1856 na ambaye mwaka 1877 alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu Chuo cha Kijeshi cha West Point. Mahakama ya kijeshi iliyoketi Fort Davis, Texas, mwaka 1881 haikumwona na hatia ya wizi wa fedha za bohari ya chakula aliyoisimamia, lakini ilimtia hatiani kwa mwenendo usiomstahili ofisa na muungwana, na tarehe 30 Juni 1882 akafukuzwa jeshini, ingawa mwanasheria mkuu wa jeshi alikuwa ameshauri apewe adhabu nafuu.

Wanaopinga shauri hili kufunguliwa upya wana hoja nzito: Flipper alimdanganya kamanda wake, Kanali William Shafter, kwamba fedha zimekwisha kutumwa, na akaandika hundi ya benki asiyokuwa na akaunti. Sitayaficha hayo. Lakini fedha zilizopungua zilirudishwa, watu wa pale wakichangia, naye alieleza kwamba alinyamaza kwa kumwogopa Shafter, maana alikwisha kuonywa kuwa anatafutiwa sababu ya kuondolewa.

Mwaka 1976 bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi ilikiri kwamba alionewa, ikampa cheti cha kuachishwa kwa heshima, ila ikasema haina mamlaka ya kutengua hukumu. Mwaka 1999 Rais Clinton akamsamehe. Msamaha, Mheshimiwa, hupewa mkosaji. Flipper, ambaye tangu 1898 hadi uzeeni alihangaika bungeni akitaka arejeshewe cheo chake, hakuwa akiomba kusamehewa.

Wala umri wa kesi si kizuizi. Mwaka 2023 ofisi yako ilitengua hukumu 110 za askari Weusi wa Kikosi cha 24 cha Askari wa Miguu zilizotolewa baada ya ghasia za Houston za 1917, na 19 kati yao walikuwa wamenyongwa.

Naomba uagize shauri la Flipper lipitiwe kwa kipimo hichohicho, na matokeo yatangazwe hadharani. Na iwapo itaonekana kwamba uongo ule ulistahili adhabu, jeshi litamke ilipaswa kuwa adhabu gani.

Wako kwa heshima.