Idd Mubarak, bora hai

Idd Mubarak nyote: ndugu, majirani, na nyinyi mawifi zangu wa zamani. (Talaka ilikuwa baina yangu na kaka yenu, nyinyi sijawaacha.) Minal aidina wal faizina. Mwezi umeandama, jikoni kwa mamangu mbaazi zinangoja tui zito, na mie niko ukumbini hina haijakauka, naandika kwa kidole kimoja.

Wengi mmeuliza mbona mwezi mzima sikuonekana. Nilikuwa edani. Talaka iliandikwa Rajabu, nikarudi Mji wa Kale, Mombasa, na masanduku mawili, na eda imeisha majuzi tu. Nyumba yetu mnaijua, haikosi watu. Lakini baada ya tarawehe wenzangu walikuwa wakienda kupunga upepo Mama Ngina, na mie nikibaki nasikiza feni. Hata waliobaki walinisemesha kwa sauti ya chini, kana kwamba nina homa.

Aliyeacha kuninong'oneza ni mpwa wangu, binti wa miaka kumi na tisa. Usiku mmoja alinitupia simu mapajani: "Shangazi, hebu tazama hawa." Vijana saba wa Korea, waimbaji wa kundi la BTS, nywele rangi za peremende. Mamangu akachungulia, akauliza hawa ni wa kike au wa kiume, akaketi, asiondoke. Kufikia kumi la pili nilikuwa nawajua wote kwa majina. Biashara imo, najua, maana mashabiki wanauziwa mpaka taa ya kupungia. Na watakaonilaumu kwa muziki ndani ya mwezi mtukufu, lawama nimezipokea. Mchana tulizima.

Kilichonishika ni kungoja kwao. Kule jeshi ni lazima kwa wanaume. Mkubwa wao, Jin, aliingia Desemba 2022, wengine wakafuata mmoja mmoja, na wa mwisho kumaliza, Suga, alimaliza Juni 2025. "Kumbe nanyi mmekaa eda," nikamwambia. Mtoto akacheka hadi uji ukamwagika. Kisha akasema, "Ila sisi, shangazi, wetu walirudi," papo hapo akajiziba mdomo. Nilicheka mimi sasa. Tangu Rajabu sikuwa nimecheka hivyo.

Wana neno lao, borahae. Alilibuni mmoja wao, V, mwaka 2016, kwa kuunganisha zambarau ya Kikorea na "nakupenda", kwa kuwa zambarau ndiyo rangi ya mwisho ya upinde wa mvua. Masikio yangu ya Kimvita yalisikia "bora hai". Nimeliacha hivyo hivyo. Kwenye kundi la simu la mashabiki wao mna wasichana wa Jakarta, ambao wakifuturu huku kwetu ni saa nane mchana, jua la utosi. Walikuwa wakituma salamu za pole, na picha za tende. Nani angenitumia tende saa nane mchana?

Mpwa wangu ana vitabu vyake pia. Usiku wa daku alinisimulia kimoja cha Margaret Atwood, cha mwaka 2005, kinachoirudia hadithi ya Wagiriki kwa kinywa cha Penelope, yule aliyemngoja mumewe miaka ishirini, akifuma sanda mchana na kuifumua usiku ili wachumba wasimpate. Hiyo nilikuwa naijua kidogo. Nisilolijua ni wale vijakazi kumi na wawili walionyongwa mume aliporudi. Humo kitabuni wanaimba, wanadai kesi yao. Nilinyamaza muda mrefu, uji ukapoa.

Halafu nikamkumbuka Saada. Nyote mmesikia utenzi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa Lamu. Liyongo yuko gerezani, kijakazi Saada anampelekea chakula, walinzi wanakula kizuri wao. Liyongo anaagiza kwa mafumbo mamake afiche tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanaudharau, mkate unafika. Kisha inachezwa ngoma ya gungu, na watu wanapoitikia kwa sauti kuu, yeye ndani anakereza pingu zake, mlio wa tupa usisikike. Tumesifu nguvu za Liyongo miaka yote. Aliyepita na tupa mbele ya walinzi hatukumuuliza hata kama magoti yalimtetemeka.

Na lile gungu! Nilikuwa nimelala chali, simu ya mpwa kifuani, umati wa uwanja mzima unaitikia vijana saba kwa lugha ambayo wengi wao si yao, na mie chini ya kelele ile nalia kwa raha zangu. Hakuna aliyenisikia, hata mamangu kitanda cha pili.

Mpwa ameanza kumwandika Saada kwenye daftari lake la hesabu. Kurasa nne mpaka sasa. Amemfanya ana njaa njia nzima, na mkate wa wishwa unanukia.

Kesho baada ya sala karibuni. Mkono wa Idd wa watoto nimeshauchenji, hamsini hamsini, wasigombane. Mawifi, leteni vileja vyenu, vya kwetu vimeungua. Mtakayemkuta mlangoni kajifunga leso ya zambarau ndiye mimi, na leso hiyo nimeinunua mwenyewe.