Mafuta ya taa yatoke kwenye chupa za maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwakumbushe wazazi na wenye maduka kitu kilicho chini ya vitanda vya wengi: mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji ya kunywa.

Mafuta ya kupima dukani kwa Mangi hutiwa kwenye chupa aliyokuja nayo mnunuzi, na mara nyingi ni ya maji au ya soda. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hanusi kwanza ndipo anywe. Anachojua ni kwamba chupa ya namna ile ndiyo anayonyweshewa maji. Kibaya zaidi ni kikombe chenye mabaki kilichoachwa sakafuni baada ya kuwashia jiko la mkaa: jioni, joto, mtoto ana kiu, na mama kainama anapepea moto.

Akishakunywa, kosa kubwa ni kumtapisha. Huyu anatia kidole kooni, yule anakimbilia maziwa, dafu, mawese au maji ya chumvi. Mafuta ya taa yakibaki tumboni madhara yake si makubwa sana. Balaa ni yakiingia mapafuni. Ni mepesi, hutambaa haraka, na hata chini ya mililita moja kwenye njia ya hewa yaweza kuunguza mapafu. Mtoto akitapika, yanapita kooni mara ya pili, naye analia huku akiyavuta. Maziwa hayakati sumu hii, yanajaza tumbo tu na kuleta matapishi.

Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mfute mdomo, mkalishe wima, kisha mpeleke hospitali pamoja na ile chupa. Hata akiwa anacheza, aangaliwe huko kwa saa 6 au zaidi, kwa sababu mapafu huweza kuchelewa kuonyesha madhara. Dalili za hatari ni kikohozi kisichokoma, kusinzia, kifua kubonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au kupumua mara 40 na zaidi kwa dakika (50 kwa asiyetimiza mwaka). Hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne utakosea.

Kuhusu kuhifadhi, ushauri wa "fungia kabatini" ni wa wenye makabati. Kwenye chumba cha kupanga, tumia kidumu chenye mpini, kitundikwe kwenye msumari imara juu ya bega la mtu mzima, mbali na jiko, na chini yake pasikae kigoda wala ndoo ya kupandia. Mafuta ya kuwashia pima kwa kifuniko cha kidumu, mwagia mkaa usio na moto, rudisha kidumu msumarini, ndipo ushike kiberiti. Kikombe hakihitajiki kabisa.

Chupa hizo hizo hubeba sabuni za maji, dawa za kusafishia choo na dawa za kunguni zinazotembezwa mitaani bila lebo. Kostiki soda ya watengeneza sabuni ndiyo mbaya kupita zote: huunguza koo, kovu lake hubana njia ya chakula, na mtoto anaweza kushindwa kumeza hata tonge. Hapo pia asitapishwe, wala asipewe limau.

Afrika Kusini waliwahi kugawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa watoto waliokunywa mafuta hayo walipungua kwa karibu nusu. Shirika la Viwango (TBS) lingeweza kuanzia hapo. Wakati tukisubiri, wenye maduka wakatae kupimia mafuta kwenye chupa yoyote ya kinywaji. Mteja wa kawaida hatakasirika akiambiwa akalete kidumu.

Muuguzi wa watoto,
Dar es Salaam