Nilimwahidi mzee kwamba sitazigeuza spika zake, na sasa sizitambui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi ya kueleza jambo ambalo limeninyima utulivu kwa miezi saba sasa. Naamini kwamba miongoni mwa wasomaji wako wamo waliowahi kuishi na spika kubwa za zamani za nyumbani, wakazifungua na kuzitengeneza kwa mikono yao, na ambao wanajua ni wapi fundi anapaswa kuweka bisibisi chini.

Spika zangu ni jozi iliyotengenezwa mwaka 1975. Kila moja inanifika kifuani na ina uzito wa takriban kilo 55, na ndani yake mna wufa ya inchi 15 ya kutoa besi, honi ya sauti za kati na twita ndogo ya sauti nyembamba upande wa juu. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa yaliyonipata hayakusababishwa na waliozitengeneza. Nilizinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa nazo tangu zikiwa mpya, ambaye alikuwa anahamia kwa mwanawe, katika nyumba isiyo na mahali pa kuziweka. Siku nilipokwenda kuzichukua alinikalisha kwenye kiti chake, akapangusa santuri kwa kitambaa, akashusha sindano bila kusema neno. Mwanamke aliyekuwa akiimba alikuwa amesimama katikati ya ukuta, mahali pasipokuwa na spika yoyote, na kabla ya kuingia ubeti wa pili nilimsikia akivuta pumzi. Wimbo ulipokwisha mzee aliniambia, "Mwanangu, nakuachia hizi. Zitunze, ila usizigeuze." Nilimwahidi, na nilipokuwa nikiahidi sikuona tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili.

Huenda atakuwepo atakayeuliza kwa nini mtu ajitwishe mzigo wa namna hii wakati spika ndogo zimejaa madukani. Mimi mwenyewe niliwahi kuishi na spika ndogo kwa miaka mingi, na sizidharau. Tangu mwaka 1954, mbunifu Edgar Villchur alipotoa spika ndogo ya AR-1 nchini Marekani na kuonyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku inaweza kufanya kazi ya springi ya koni, yaani ule uso unaotikisika na kutoa sauti, besi nzito haihitaji tena sanduku la ukubwa wa kabati. Lakini besi ya namna hiyo hulipiwa kwa nguvu ya amplifaya. Spika yenye uwezo wa desibeli 97 kwa wati moja huhitaji sehemu ya kumi tu ya nguvu inayohitajiwa na spika ya desibeli 87 ili zote mbili zisikike kwa ukubwa mmoja. Ndiyo maana spika hizi kubwa, hata zikichezwa kwa sauti ya chini usiku watoto wamelala, bado ngoma inasikika kuwa ni ngoma. Jambo hilo ndilo lililonivuta, na hadi leo linanivuta.

Kasoro niliiona wiki ya tatu. Nilipokuwa nikifagia mbele ya spika ya kushoto nilikuta chembe nyeusi sakafuni, mfano wa masizi. Nilivua kitambaa cha mbele, nikagusa ukingo wa sponji unaoshika koni, na kidole kikazama kama nimegusa keki iliyolowa. Kilichobaki kidoleni kilikuwa kinanata na kilichukua siku mbili kutoka. Wanaozijua spika hizi hawatashangaa. Sponji ya polyurethane huliwa na unyevu na hewa, na mara nyingi haivuki miaka ishirini na kitu, kwa hiyo ile iliyooza haikuwa hata ya kiwandani. Mzee alikwisha kuzibadilisha zote mbili zamani, na ya kulia ilikuwa bado nzima.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wa kwanza ambao sasa nautilia shaka. Fundi niliyempelekea wufa ya kushoto alinishauri tuweke ukingo wa mpira badala ya sponji, akisema kwamba mpira hauozi na sitarudi kwake tena maishani. Maneno hayo yaliniingia. Alitaka pia kuifungua sumaku ili aisafishe nafasi inamopita koili ya sauti, na hapo nilikataa kabisa. Sumaku hii ni ya aliniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, na aliniko ikitolewa kwenye mzunguko wake wa chuma hupoteza sehemu ya usumaku wake, wala hairudi ilivyokuwa mpaka itiwe usumaku upya kwa mashine. Isitoshe, baada ya vita vya mwaka 1978 katika Shaba, jimbo la Zaire lenye migodi ya kobalti, bei ya kobalti ilipanda sana, na watengenezaji wengi wa spika wakahamia sumaku za feriti zisizohitaji kobalti, kwa hiyo nikiharibu hii sijui pa kupata nyingine. Kwa kukataa huko najishukuru mpaka leo.

Wufa iliporudi ilipendeza machoni. Kabla ya kuifunga niliipima ikiwa nje ya sanduku, kwa kupeleka mawimbi ya masafa mbalimbali kupitia rezista na kuangalia kwenye mita ni wapi volti inapanda kuliko pengine, maana hapo ndipo koni hupenda kutikisika yenyewe. Wufa ya kulia, yenye sponji, ilipanda kwenye hezi 23, yaani mitikisiko 23 kwa sekunde. Ya kushoto, yenye mpira, ilipanda kwenye hezi 31. Niliirudisha ya kushoto mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea: mpira ule ni mgumu kuliko sponji na pia ni mzito zaidi, na koni inayoshikwa kwa ugumu tofauti hutikisika tofauti. Fundi aliniambia kwamba mpira utalegea ukishazoea kazi. Mwezi wa nne nilipima tena, nikapata hezi 30.

Ningeishia hapo, huenda nisingeandika barua hii. Lakini sanduku lilikuwa wazi, na krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa, honi na twita, ilikuwa mbele ya macho yangu. Kapasita zake za elektroliti, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilikuwa na umri wa kwenda miaka hamsini, na kila ninayezungumza naye kuhusu spika za zamani huanza na neno moja: badilisha kapasita. Niliitoa moja iliyoandikwa maikrofaradi 8 nikaipima, ikasoma 9.6. Niliona kwamba nina sababu ya kutosha. Nilinunua kapasita za filamu ya plastiki, za ubora wa juu, nikalehemu zote jioni moja, kulia na kushoto. Na kwa kuwa vile vidhibiti vya nyuma vinavyopandisha na kushusha honi na twita vilikuwa vimeshika kutu na kukwaruza kila vilipozungushwa, niliviondoa nikaweka rezista za thamani moja isiyobadilika, ambazo nilizikadiria kwa kupima vidhibiti pale mzee alipokuwa ameviacha.

Katika mwezi huo huo tulihamisha spika. Mke wangu hakuwahi kuzilalamikia, ila mtoto wetu mdogo alikuwa amekwisha kubonyeza kifuniko cha katikati ya koni kwa kidole, kikabaki na bonde ambalo lipo hadi leo, na tukakubaliana zisogezwe kwenye kona za sebule, mbali na njia yake. Najua kwamba kona huongeza besi. Mbunifu wa spika Paul Klipsch aliitumia siri hiyo katika spika yake ya Klipschorn ya mwaka 1946, ambamo kuta za kona zinakuwa sehemu ya honi yenyewe. Lakini zangu hazikubuniwa hivyo, na pale konani zinaunguruma kwenye noti mbili tatu za chini kana kwamba kuna lori limesimama nje.

Nilipocheza ile santuri ya mzee, kwa sababu nilitafuta nakala yake makusudi, nilisikia mengi ambayo sikuwahi kuyasikia: vidole kwenye nyuzi, mate mdomoni mwa mwimbaji, kiti kikilia studioni. Kwa siku kadhaa nilifurahi, nikasema kazi imefanikiwa. Kisha mke wangu, ambaye hajui kapasita ni nini na ambaye sikuwa nimemweleza nilichobadilisha, aliniuliza jikoni, "Baba watoto, mbona siku hizi huyu mama anaimba kama anakemea?" Tangu aliponiuliza hivyo, na mimi nasikia kukemea. Zamani alikuwa akikaa nami mpaka upande wa pili wa santuri uishe. Sasa nyimbo mbili zikipita anaondoka, na nikimuuliza husema kwamba kichwa kinachoka. Mwimbaji naye hasimami tena katikati ya ukuta. Ameegemea kulia, na noti zikishuka anasogea.

Nimejaribu kuelewa kilichotokea. Nadhani kapasita za zamani zilikuwa na upinzani wake wa ndani, hata zilipokuwa mpya, na aliyebuni krosova aliuhesabu upinzani huo katika mizani ya sauti. Kapasita za filamu karibu hazina upinzani, kwa hiyo honi inapata nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Lakini hiyo ni dhana yangu tu, kwa sababu nimefanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa maabara hufundishwa kulikwepa: nimebadilisha ukingo, kapasita, vidhibiti na mahali pa kuweka spika, vyote ndani ya majuma sita, na sikurekodi kipimo chochote cha sauti chumbani kabla ya kuanza. Sina cha kulinganisha nacho isipokuwa kumbukumbu yangu ya alasiri moja katika chumba cha mtu mwingine, na siku ile nilikuwa tayari nimezipenda. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kuna usiku nafikiri kwamba sauti ile ya kwanza haikuwahi kuwepo kama ninavyoikumbuka, lakini nikimwona mke wangu akiinuka kitini narudi kuamini kwamba ilikuwepo.

Sikutupa kitu. Kapasita zote za zamani, vidhibiti vyote, na hata skrubu, vimo kwenye kisanduku chini ya kitanda, na kila kimoja nimekiandikia karatasi kinakotoka.

Kwa hiyo naomba ushauri katika mambo haya. Kwanza, nianzie wapi kurudi nyuma? Nia yangu ni kuzirudisha spika mbali na kona kwanza, kwa sababu hilo halihitaji chuma cha kulehemu, kisha nisikilize kwa majuma mawili bila kugusa kingine. Je, huo ni mpango wa busara, au kona inaficha tu matatizo makubwa zaidi?

Pili, kuhusu kapasita, sipendi kurudisha zile za zamani ambazo najua zimechoka, kwani sauti yake ya leo nayo si ile ya mwaka 1975. Nimeshauriwa niache za filamu na kuongeza rezista ndogo, karibu nusu omu, mfululizo na kila moja ili kurudisha upinzani uliokosekana. Wengine wamenishauri nitumie elektroliti mpya zisizo na upande chanya na hasi, za thamani ile ile iliyoandikwa. Waliojaribu njia zote mbili katika spika moja tafadhali waniambie walichosikia, na kama walipima, walichopima.

Tatu ni zile kingo za wufa. Je, niung'oe mpira wa kushoto na kurudisha sponji, nikijua kwamba baada ya miaka ishirini na kitu kazi hiyo itarudi tena kwangu au kwa watoto wangu, au niweke mpira kulia pia ili angalau zifanane? Fundi anapendelea njia ya pili. Mimi naelekea kwenye ya kwanza, ila naogopa kung'oa gundi kwenye koni ya karatasi yenye umri wa nusu karne, maana ikichanika hakuna ya kubadilisha. Kama kuna anayejua kiyeyushi kinacholainisha gundi ya mpira bila kudhuru karatasi, na muda wa kusubiri, atakuwa amenisaidia kuliko anavyodhani.

La mwisho halihusu umeme. Mzee amenipigia simu. Mwanawe atamleta mwezi ujao, na ameomba tusikilize pamoja ile santuri. Sauti yake ilikuwa na furaha sana. Sitaki kumficha, lakini pia sitaki kumkalisha mtu wa umri ule mbele ya spika zake mwenyewe na kumwona akitafuta asichokipata. Nimefikiria kumwomba aahirishe, halafu nimefikiria kumwambia kila kitu kwenye simu kabla hajaja na kumwonyesha kile kisanduku, kwa kuwa huenda yeye ndiye mtu pekee aliye hai anayeikumbuka sauti ile kwa usahihi na anayeweza kukaa kitini aniambie, "bado", "bado", mpaka tufike. Mke wangu anaunga mkono hili la pili. Nyinyi mngefanyaje?

Mpaka nitakaposoma majibu yenu sitafungua spika tena.

Wenu katika kusikiliza,
Msomaji