Elfu Thelathini kwa Kupiga Soga?

Wiki iliyopita mzee mmoja, mkulima wa korosho, alimaliza kikao chake cha kwanza cha ushauri nasaha ofisini kwangu hapa Mtwara mjini, akafika mlangoni, akageuka. Wote waliokaa kwenye benchi walimsikia: "Mwanangu, elfu thelathini yangu imekwenda kwa kupiga soga? Kidonge hujanipa, sindano hujanichoma." Ni mteja wa tatu mwezi huu kunitamkia hivyo, na kusema kweli nilimjibu kwa mkato. Mshauri wa watu wenye hasira, zikampanda mwenyewe! Leo najibu nikiwa nimetulia, na mzee ameniruhusu niandike mradi nisimtaje yeye wala kijiji chake.

Alikuja kwa ajili ya hasira. Mjukuu kadondosha kikombe, kachapwa. Karani wa chama cha msingi kamwambia asubiri, kakunjwa shati. Wateja hutaka tuanzie kwenye kikombe; mimi nauliza usiku ulikuwaje. Ndipo yakatoka: kila siku saa nane za usiku yuko macho anahesabu. Mzigo umeshauzwa mnadani, pesa haijaingia benki, vibarua wanadai, ada ya shule inasubiri. Moyo unamwenda mbio mpaka adhana ya alfajiri. Kikombe kilimkuta amekwishajaa.

Mwili hauna king'ora cha hofu na kingine cha hasira. Walter Cannon, mwanasayansi wa Marekani, alieleza mwaka 1915 jinsi adrenalini inavyomwagika kwenye damu mnyama akiogopa na vilevile akighadhibika, awe tayari kupigana au kukimbia. Ndiyo maana mapigo ya moyo, misuli kukaza na pumzi fupi ni vilevile kwa mwenye hofu na kwa mwenye hasira. Kisha ongeza mazoea yetu: mwanamume akisema kijiweni "naogopa" atachekwa, akifoka ataonekana ana msimamo. Basi hofu yake inatokea mdomoni kama matusi.

Kwenye hiyo "soga" mzee alijaza fomu ya maswali saba ya kupima wasiwasi, GAD-7, inayotumika tangu 2006. Alama ni 0 hadi 21, na zikifika 10 mimi sipuuzi. Yeye alipata 16. Swali la sita linauliza kama umekuwa mwepesi wa kukereka. Alilisoma mara mbili, akaniangalia: "Hili nalo limefikaje huku?" Mzee wangu, hilo swali peke yake lilikuwa na thamani ya nusu ya pesa yako.

Na kabla ya kikao cha pili huwa nataka mteja mwenye moyo wa kwenda mbio akapimwe hospitali. Mama mmoja wa Chikongola alikuja akitetemeka mikono, amekonda, anagombana na kila mpangaji. Nilimpeleka hospitali ya Ligula kwanza. Ikaonekana tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, akaanza dawa. Kikao cha pili hakikuwepo, wala sikumtoza. Anayedhani nakamua watu aanzie hapo.

Kinachoniumiza ni njia za mkato. Wakati wa mabibo wapo wanaojitibu kwa uraka, pombe ya mabibo: jioni roho inatulia, alfajiri wasiwasi unarudi na riba. Fundi gari mmoja alipewa na jirani vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Wiki mbili alilala kama mtoto. Baadaye kimoja hakitoshi, viwili havitoshi, na alipoviacha kwa ghafla alitetemeka na kukosa usingizi kuliko mwanzo. Ilibidi daktari ampunguzie dozi kidogo kidogo, na gereji yake muda wote huo ikawa imefungwa. Hiyo hasara ingelipa vikao vyangu vyote na chenji ikabaki. Wengine hupiga mito na kuta ili "kuitoa" hasira. Mwili unajifunza kupiga tu. Na wapo wanaomtuma mke aje kwa niaba. Mama, hasira za baba sizitibu kupitia kwako. Ila kama anakupiga, tutaanza na usalama wako na dawati la jinsia polisi, siyo na mazoezi ya pumzi.

Kikao ni dakika hamsini, na baada yake naandika nusu saa usiyoiona. Sipokei zaidi ya watu watano kwa siku, maana wa sita nitamsikiliza kwa sikio moja. Kazi yenyewe ni ya daftari: tukio, wazo lililopita kichwani, mwili ulivyofanya, ulichotenda. Njia ya kukagua mawazo aliijenga Aaron Beck, daktari wa Marekani, miaka ya 1960. Mzee aliandika "karani kanidharau". Tulipokagua, chini yake kulikuwa na "pesa isipoingia nitaaibika". Hilo la pili ndilo tunalolishughulikia. Pia tunapanga saa maalumu ya wasiwasi, dakika ishirini jioni, ili saa nane ya usiku uuambie wasiwasi "subiri saa yako". Haya huchukua vikao kumi na kitu.

"Kumi!" akashangaa. Nikamuuliza, "Baba, salfa ya mikorosho unapuliza mara moja tu?" Akanyamaza, kisha akacheka.

Amepiga simu juzi, kikao cha pili ni Alhamisi. Bei sikupunguza, ila nimekubali alipe pesa ya korosho ikiingia. Daftari nilimpa mimi, lile la shilingi mia tano, na simdai.